Kabla Hujaandikwa Kazi ya Katani

Mwanangu Eliamani,

Najua umeshacheka kwenye neno hilo la kwanza. Cheka, nakungoja.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuogelea kwenye ndiva, siku zile ambazo wazee wakitukuta kwenye bwawa lao la maji ya mashamba walitukimbiza na fimbo. Wewe umeshaoa, na mimi bado navaa kaptula ya shule. Lakini baba yako ni kaka yangu, tumezaliwa kwa baba mmoja, yeye wa kwanza na mimi wa mwisho, kwa hiyo kwa hesabu ya ukoo wetu mimi ni baba yako mdogo na wewe ni mwanangu. Hatukuipanga sisi. Unapenda sana kunikumbusha. Kila ukinikuta njiani Jumapili, na wenzako wako nyuma yako, unavua kofia, unainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo baba." Wenzako wanashika mbavu. Nami huitikia marahaba kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe siisikii, huku nikiangalia vidole vya miguu yangu.

Basi leo nautumia ubaba huo, maana nimekosa kitu kingine cha kutumia. Nilimwendea baba yako jana nikamwomba akuite, mkae wawili, akuambie kabla hujashuka. Alikuwa anamenya maharage kwa mkono ule mmoja, ganda amelibana kati ya magoti. Hakuinua macho. Alisema, "Wewe ndiye msomaji wa nyumba hii. Mwandikie." Niko darasani sasa. Wenzangu wamekwenda kucheza mpira na mwalimu ameniachia chumba mpaka jua lizame. Mambo ya blanketi, chumvi na viatu mama yako ameshakuambia, na mkeo Nakijwa ameshakuambia tena. Mimi nina jambo moja.

Ukifika kule chini kwenye shamba la katani, usiingie kwenye kipande cha Sifaeli. Andikwa kwa jina lako.

Nilitaka kulisema Jumapili, nyumbani kwa mjomba wako Yonaza. Nilikuwa nimekaa pembeni na kitabu, mkadhani sisikii. Sifaeli mwanawe alikuwa anakupangia: ataandikwa yeye peke yake, apewe kipande kimoja, ile karatasi ya kutiwa alama kila siku mtu anapomaliza kazi yake, na ninyi wawili mtakijaza kwa zamu. Mmoja akipanda huku Mamba kulima, mwingine anabaki kukata katani. Alisema, "Baba yako alimsimamia baba yangu. Sasa ni zamu yangu kukusimamia wewe." Ukampa mkono. Nikafungua mdomo, maneno yakakwama kama kawaida yangu, nawe ukasema, "Nyamazeni, baba anataka kuhubiri." Wote wakacheka. Nikaenda kuteka maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Sihubiri, Eliamani. Nakukumbusha yaliyompata baba yako, maana naona kila mtu hapa ameamua kuyasahau.

Wewe ulizaliwa kule kambini. Mama yako anasimulia kwamba uchungu ulimkuta wakati wa kugawa posho, wakambeba mpaka kwenye ile nyumba ya bati waliyoiita hospitali, na dresa mzee akakupokea. Dresa hakusomea mambo ya uzazi. Alijua kufunga vidonda, kutoa kwinini na kuchemsha maji, na alimtibu yeyote aliyefika mlangoni: mkata katani, mkewe, mtoto wake, hata ndugu aliyekuja kusalimia akashikwa na homa. Hakuna sheria iliyomwambia afanye hivyo. Meneja aliacha iwe hivyo, na ikawa hivyo miaka yote ya utoto wako.

Kisha ikaja sheria mpya. Niliisoma kwenye gazeti ambalo mwalimu aliniazima. Ilisema mwajiri lazima amtibu mfanyakazi wake anayeugua au kuumia kazini, aweke mahali pa kulaza wagonjwa, aweke mtu aliyefunzwa kazi hiyo, na mfanyakazi akipoteza kiungo kwa sababu ya kazi, alipwe fidia. Niliifurahia kana kwamba nimeiandika mimi. Baba yako alikuwa likizo. Baada ya ibada wanaume walikuwa wamesimama nje ya kanisa, naye akanisukuma mbele yao niwasomee. Unajua ninavyoogopa kusoma mbele ya watu. Siku ile sikutetemeka. Nilipomaliza, baba yako aliuliza, "Kumbe siku zote walikuwa wanatutibu kwa hisani tu?" Nikamwambia ndiyo, na sasa ni haki yako. Akazunguka akiwapa watu mikono kama mtu aliyepata mtoto.

Niliyasoma yale ambayo sheria inatoa. Sikukaa nikafikiri ni nani inayempa. Wala sikufikiri kwamba meneja naye alikuwa anasoma sheria ileile, kwa makini kuliko mimi.

Baba yako aliporudi kambini, karani aliwakusanya watu asubuhi akawasomea utaratibu mpya. Tangu siku hiyo hospitali ni ya mfanyakazi ambaye jina lake limo katika daftari la shamba na kipande chake hakijaisha. Wake na watoto waende kwenye zahanati ya serikali Same, au kwa wamisionari. Walioletwa na kontrakta, wamuulize kontrakta. Nyumba ya bati ilipakwa chokaa, vitanda vikaongezwa, akaletwa dresa kijana mwenye cheti akae pamoja na yule mzee. Kila kitu kilikuwa kizuri zaidi, na nusu ya watu wa kambi hawakuruhusiwa kuingia. Ndiyo sababu mama yako alirudi Mamba. Alipandisha homa, akafika mlangoni pale alipokuzalia wewe, na yule dresa mzee akasimama mbele yake bila kujua aweke wapi mikono yake. Alimwambia mama yako, "Shemeji, zamani nilikuwa nauliza unaumwa wapi. Siku hizi lazima nianze na unaitwa nani." Akampa kwinini kwa kificho, akamwomba asirudi.

Nilimuuliza mwalimu kuhusu jambo hili. Aliniambia haki ni bora kuliko hisani, kwa sababu hisani inaondoka na meneja akienda likizo kwao. Nakubali. Nimelifikiria sana na nakubali. Lakini hisani ndiyo iliyokupokea wewe, na haki ndiyo iliyomgeuza mama yako mlangoni. Nilimwambia mwalimu hivyo. Aliniambia nimalize insha yangu.

Sasa nifike kwenye mkono.

Ulikuwa umekwenda Kwakoa kununua mbuzi, kwa hiyo mengi uliyasikia kwa watu, na watu wanayasimulia kama bahati mbaya tu. Haikuwa bahati mbaya tu. Pembe ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, ilikuwa imelia huku juu. Mfereji wa ndiva ulikuwa umeziba kwa mvua, na kila nyumba ilitakiwa itoe mtu wa kuchimba. Mjomba wako Yonaza alikuwa kambini na kwake hakuna mwanamume mwingine, Sifaeli alikuwa bado mgonjwa wa miguu. Ilibidi apande. Kipande chake kilikuwa kimekaribia kujaa, na unajua kipande kikipitisha muda wake kabla hakijajaa, zile siku zimepotea. Cha baba yako kilikuwa kimejaa na ameshalipwa, anangoja lori la kumrudisha nyumbani. Akamwambia Yonaza, "Nenda kwenye mfereji, nitasimama."

Ndivyo tunavyofanya hapa, na hakuna aliyewahi kutuambia ni kosa. Kwenye msaragambo huitwi jina. Mzee wa mfereji anaangalia nyumba gani imetoa mtu. Akija mume, akija kaka, akija shemeji, nyumba imetoa mtu, kazi imefanyika, maji yatakuja. Baba yako alikichukua kipande cha Yonaza kama anavyochukua jembe lake. Miaka yote walikuwa wanasimamiana hivyo kule chini, na nyapara alikuwa anajua na kunyamaza, maana kazi ya mtu inamalizika.

Siku hiyo walimpanga kwenye korona, ile mashine inayosaga majani ya katani. Ilimvuta mkono wa kulia.

Walimkimbiza kwenye nyumba ya bati. Yule dresa mzee alimfunga, damu ikapungua, na kama mambo yangeishia kwake nadhani leo baba yako angekuwa na kiganja. Lakini karani alikuja na daftari kuandika ajali, kwa sababu sheria mpya inataka ajali iandikwe, na lazima iandikwe ajali ya mtu fulani. Kipande kilisema Yonaza. Dresa mzee na kambi nzima walijua huyu ni Zefania. Akiwa Yonaza, Yonaza yuko Mamba anachimba mfereji na mikono yake miwili. Akiwa Zefania, kipande cha Zefania kilikwisha, siku ile hakuwa mfanyakazi wa mtu. Meneja aliulizwa. Zamani, mtu aliyeumia vile angepakiwa kwenye gari la shamba apelekwe hospitali kubwa, na meneja angekasirika baadaye. Safari hii meneja alisema hawezi kumpeleka kwa gharama ya shamba mtu asiyekuwa mfanyakazi, kwa sababu akimpeleka atakuwa amekubali kwamba ni wake, na akiwa wake atadaiwa fidia. Wakampandisha treni mpaka Same. Kutoka Same alipanda milima kwa lori la mbao na nusu ya njia kwa miguu. Alipofika kwa wamisionari mkono ulikuwa umeoza, wakaukata.

Hiyo ndiyo sehemu inayonikosesha raha darasani. Korona ilichukua vidole. Kiganja na kiwiko vilipotea wakati watu wanajadili jina.

Nilikwenda naye kwa Bwana Kazi pale Same, yule afisa wa serikali anayesikiliza mashauri ya wafanyakazi. Nilikwenda na lile gazeti nimelikunja mfukoni. Bwana Kazi alikuwa Mwingereza kijana na mpole, alitupa viti. Aliuliza kwa Kiingereza, nami nikawa namgeuzia kaka. Aliuliza siku ile alikuwa anafanya kazi kwa jina la nani.

Baba yako akasema, "La shemeji yangu. Lakini mkono ulikuwa wangu."

Nilimgeuzia Bwana Kazi maneno hayo vilevile. Aliweka kalamu chini. Kisha akasema anasikitika, na naamini alisikitika, lakini sheria inamlinda mfanyakazi aliyeajiriwa, na kwa siku ile hawezi kumpata mfanyakazi anayeitwa Zefania. Akatuonya pia kwamba tukilisukuma sana shauri hili, Yonaza anaweza kushtakiwa kwa kuazimisha kipande. Baba yako aliposikia jina la Yonaza akasimama hapohapo. Mlangoni tarishi wa ofisi alitutania, akasema labda shemeji akate na yeye mkono, hesabu itakaa sawa. Hakuwa na ubaya, ni mtu wa mzaha. Nilitamani nimpige, mimi ambaye sijawahi kumpiga mtu.

Tulitembea mpaka sokoni. Pale kwa wauza ndizi baba yako akaniambia, "Ulisoma vizuri." Sikuelewa kama anasema kuhusu ofisini au kuhusu ile Jumapili ya gazeti. Mpaka leo sijamuuliza.

Eliamani, nina hasira na sijui niielekeze wapi. Nikimkasirikia meneja, naambiwa alifuata sheria. Bwana Kazi alifuata sheria. Karani aliandika alichoambiwa. Mjomba wako alipanda kwa ajili ya maji ambayo sisi sote tunayanywa, na baba yako alifanya kile ambacho ningetukanwa nisipokifanya. Nimezunguka kote nimekuta kila mtu ana sababu yake nzuri, na kaka yangu anabana maharage kwa magoti. Wazee wanasema ni mapenzi ya Mungu. Mchungaji naye alisema hivyo. Mimi nadhani Mungu anaulizwa mambo mengi ambayo yangeulizwa ofisini.

Na sasa wewe na Sifaeli mnataka kulirudia jambo lilelile na kuliita shukrani. Nayaelewa maneno ya Sifaeli. Anaona nyumba yao ina deni la mkono kwa nyumba yenu, na anataka kulilipa kwa kutoa kile alichonacho. Ni kijana mwema. Lakini atakachokupa ni jina lake, na kule chini ukiwa ndani ya jina la mtu mwingine, korona ikikuvuta hakuna aliyevutwa. Baba yako angalau hakujua. Wewe umekwisha kujua.

Najua utanijibu nini. Utasema mkiandikwa wote wawili, nani atapanda pembe ikilia? Nyumba yako itatoa nani? Nakijwa ana mimba na anabaki huku, hilo tumekubaliana, maana kule hana mlango wa kuingia. Baba yako hawezi kushika sururu. Mzee wa mfereji atakutoza faini, na watu watasema nyumba ya Zefania imekufa.

Nitasimama mimi.

Nimeshamwambia mzee wa mfereji. Alinitazama mikono, akasema ni mikono ya kalamu. Nikamwambia itakuwa ya sururu ikilazimu. Alicheka lakini alikubali, kwa sababu huku kwetu haulizwi mtu jina. Nitasimama kwa nyumba yako, na Sifaeli akiniomba nitasimama na kwa yao, siku za shule nitaomba ruhusa, na nikitokwa na malengelenge Nakijwa amesema atanicheka na kunipaka mafuta. Huku mtu anaweza kusimama mahali pa mwenzake na akiumia watu wote watambeba bila kumuuliza yeye ni nani. Tusimamiane huku. Kule chini kila mtu asimame kwa jina lake, wewe kwa lako na Sifaeli kwa lake.

Sikuambii kwamba ukiandikwa kwa jina lako utakuwa salama. Niliwahi kuwaambia watu kwa uhakika mbele ya kanisa, na nimejifunza kunyamaza kidogo. Labda watapata njia nyingine ya kusoma sheria ambayo mimi na wewe hatujaifikiria. Lakini mtu akikuuliza siku ile ulikuwa nani, nataka uwe na jibu ambalo limo katika daftari lao wenyewe. Uliza kwanza kama unaandikwa na shamba au na kontrakta. Ukiandikwa na shamba, karani atakuwa na haraka, ataandika Eliamani tu na kuita mwingine. Usiondoke. Mwambie Eliamani Zefania, wa Mamba, na usimame mpaka uone ameandika. Unasoma polepole lakini jina lako unalisoma, nilikufundisha mimi, kwenye mchanga, ukilalamika kwamba baba yako mdogo ni mkali.

Na yule dresa mzee, kama bado yupo, mwendee siku ya kwanza ukiwa mzima. Mwambie wewe ni nani. Mwambie ndiye aliyekupokea.

Jua linashuka na mwandiko wangu unapotoka. Barua hii nampa Nakijwa sasa hivi, uisome leo, usiiweke mpaka ufike kwenye treni. Kesho nitakusindikiza mpaka linapopakia lori. Sifaeli atakuwepo na wenzako wote, na najua utavua kofia na kuinamisha kichwa. Safari hii sitaangalia vidole vyangu. Ukisema "Shikamoo baba," nitakuuliza mbele yao wote, "Unakwenda kuandikwa kwa jina la nani?" Nimelisema swali hilo kwa sauti hapa darasani, peke yangu, mpaka mlinzi akachungulia dirishani kuona nazungumza na nani.

Nijibu wakisikia. Ukilitaja jina lako, ndipo nitakuitikia marahaba.

Baba yako mdogo,
Petro